Mwanzi Bustanini: Kabla Hamjachimba Mashimo ya Pasheni

Ndugu zangu wa Njombe na Makambako, na ninyi mlioko Dar mnaosoma haya kazini huku bosi akidhani mnafanya kazi, hamjambo? Sisi huku Reading hatujambo. Majira ya baridi yanaisha, udongo umeanza kulainika, na watu wameanza kuonekana kwenye bustani wakiwa na majembe.

Leo naomba tuzungumze historia. Ila ni historia yenye fedha ndani yake, kwa hiyo msiondoke.

Shemeji amenitumia mpango wa ekari moja ya pasheni kule shambani. Mpango mzuri, ameupiga hesabu vizuri: mistari mita 3 kwa 3, waya juu kwenye urefu wa mita 2, nguzo kama 250. Ameniomba maoni na (msicheke) ameniomba pia mchango. Kwenye nguzo ameandika mianzi. Kuna mtu anayemuuzia mianzi hiyo amemwambia kwamba ukiipaka oili chafu na kuifukia ardhini inakaa miaka 20, na kwamba Wachina na Wajapani wanafanya hivyohivyo tangu enzi na enzi.

Sasa mimi nikasema, hilo la Wachina na Wajapani si la kubishana kwa simu. Ni jambo la kuangalia. Watu hao wametumia mwanzi kwa maelfu ya miaka, na Waingereza ninaoishi nao wamekuwa wakiununua kwa Wachina kwa miaka mingi ili kusimamishia maharage na nyanya. Kama mwanzi unakaa miaka 20 ardhini, wao wangekuwa wa kwanza kujua. Basi nimesoma, nimeuliza wazee wa bustani huku, nimekwenda hadi Kew kutazama. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA, MWANZI NI NINI?

Mwanzi si mti. Ni nyasi. Uko kwenye ukoo mmoja na mahindi, ngano, muwa na hata zile nyasi za kuezekea. Unapochomoza ardhini unatoka ukiwa na unene wake wote, halafu unapanda juu ndani ya miezi michache tu na kumaliza urefu wake. Baada ya hapo haurefuki wala haunenepi. Kinachobaki ni kukomaa, yaani kuta zake kuwa ngumu, na hiyo kazi inachukua miaka 3 hadi 5. Mwanzi wa mwaka mmoja na mwanzi wa miaka minne unaweza kuona vimelingana kwa macho, lakini mmoja ni mtoto na mwingine ni mtu mzima.

Miti mingi inayodumu, kama mwerezi au mninga, ina kiini cheusi katikati. Kile kiini kina kemikali ambazo wadudu na kuvu hawazipendi, ni sumu yake ya asili. Mwanzi hauna kiini. Katikati ni uwazi mtupu. Na kwenye kuta zake kumejaa wanga na sukari.

Hilo la sukari nyinyi watu wa Njombe hamhitaji kufundishwa! Ulanzi unatoka wapi? Mnakata ncha ya chipukizi wakati wa mvua, mnaning'iniza mbeta, utomvu unadondoka, na jioni tayari una kinywaji kinachochangamsha. Utamu huohuo unaowapendeza wazee kilabuni unawapendeza na wadudu pia. Kuna mdudu mdogo mweusi anayetoboa mianzi iliyokatwa na kuacha unga kama wa mahindi chini yake. Nilipotafuta ukoo wake nikakuta ni ndugu wa karibu wa dumuzi, yule aliyeingia nchini kwetu kupitia Tabora kwenye miaka ya mwanzo ya 1980 na kumaliza mahindi ghalani. Ukoo mmoja, tabia moja.

Kwa hiyo mwanzi una nguvu nyingi sana ukiwa mkavu, lakini hauna kinga. Hiyo ndiyo habari ya msingi.

MIAKA MINGAPI HASA?

Kuna mtaalamu wa Kijerumani wa Hamburg aitwaye Walter Liese, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mwanzi. Wanaofanya kazi na mwanzi duniani kote wanatumia makadirio yake. Mwanzi usiotiwa dawa, ukiwa nje na kugusa udongo, unadumu kati ya mwaka 1 na 3. Ukiwa chini ya paa, bila kugusa udongo, miaka 4 hadi 7. Ukiwa ndani kabisa, mahali pakavu pazuri, miaka 10 hadi 15 au zaidi.

Soma tena hiyo namba ya kwanza. Mwaka 1 hadi 3, si 20.

Lakini msije mkasema mwanzi haufai. Japani kuna mianzi iitwayo susudake. Nyumba za zamani za wakulima kule zilikuwa na paa la nyasi na moto wa kuni katikati, bila bomba la moshi. Moshi ulipanda juu ukapita kwenye mianzi ya paa miaka nenda rudi. Nyumba hizo zinapobomolewa, ile mianzi inakutwa mizima, imekuwa rangi ya kahawia iliyoiva, na pale ilipofungwa kamba kumebaki mstari mweupe kidogo kwa sababu moshi haukufika. Mingine imekaa miaka 100, mingine 200. Mafundi wanainunua kwa bei kubwa kutengenezea vyombo vya sherehe ya chai.

Sasa fikirini jiko la bibi. Mahindi ya mbegu yalikuwa yanakaa wapi? Darini, juu ya mafiga! Hayakuguswa na wadudu. Bibi hakusoma Hamburg lakini jambo alilijua.

Basi mmea uleule unaweza kuishi mwaka mmoja au miaka mia mbili. Tofauti ni mahali ulipowekwa. Maji na udongo ndivyo vinavyoamua.

WAINGEREZA KABLA YA MWANZI

Huku Uingereza mianzi haioti porini. Wakulima wa zamani walisimamishia maharage kwa fito za mti mdogo uitwao heizeli. Huo mti una tabia moja nzuri: ukiukata karibu na ardhi hauchukii, unachipua fito nyingi zilizonyooka. Unasubiri miaka 7 hadi 10, unakata tena. Shina moja linaweza kukatwa hivyo kwa vizazi na vizazi. Kila kijiji kilikuwa na msitu wake wa kukata kwa zamu, sehemu moja mwaka huu, nyingine mwaka ujao.

Fito za heizeli zilidumu bustanini misimu miwili, labda mitatu. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa inajulikana kwamba zinaoza, na msitu upo pale nyuma.

Lakini hapa kuna kisa kinachonifurahisha. Mwaka 1970, huko Somerset magharibi mwa Uingereza, mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya mboji aligonga ubao. Wataalamu walipochimba wakakuta njia ya miguu ya mbao, urefu wa karibu kilomita 2, iliyojengwa juu ya kinamasi. Wanaiita Sweet Track, kwa jina la huyo mgunduzi, Ray Sweet. Walihesabu pete za miti wakapata kwamba mialoni yake ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 3807 kuamkia 3806 Kabla ya Kristo. Karibu miaka 6,000! Na ndani yake kulikuwa na fito za heizeli, zilezile zinazooza bustanini kwa misimu mitatu.

Imekuwaje? Zilizama kwenye tope lililojaa maji muda wote, hewa haikuingia. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Kwenye moshi wa jiko la Kijapani hewa ipo lakini unyevu hakuna. Kwenye kinamasi cha Somerset unyevu upo lakini hewa hakuna. Kote kuwili kuvu anashindwa.

Na ni wapi ambapo unyevu na hewa vinakutana vizuri? Pale pale nguzo inapoingia ardhini, sentimita chache juu na chini ya udongo. Kang'oeni fito yoyote iliyovunjika shambani mkaangalie. Juu nzima, chini kabisa mara nyingi bado ina nguvu, imekatikia shingoni. Huku bustanini kwetu ni hivyohivyo: mwezi wa tatu watu wanakagua fito zao za mwaka jana kwa kuzikunja kidogo, na zinazokatika zinakatika hapo.

MWANZI UNAINGIA UINGEREZA

Matajiri wa Kiingereza walianza kupanda mianzi kama pambo karne ya 19. Bustani ya Kew jijini London ilifungua sehemu yake ya mianzi mwaka 1891. Mwaka 1896 bwana mmoja, Algernon Freeman-Mitford, aliyekuwa amefanya kazi ubalozini Japani, akatoa kitabu kizima cha kuwafundisha wenzake kupanda mianzi. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wakubwa.

Mtu wa kawaida aliukuta mwanzi kama fito za kununua dukani. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria iliyozitaka halmashauri kuwapatia watu vipande vya bustani vya kukodi, wanaviita alotimenti. Kipande kamili ni kama mita za mraba 250. Huko ndiko wafanyakazi wa viwanda na reli walikolima viazi, kabichi na maharage ya kutambaa. Mimi mwenyewe nalima kwenye kimoja, nusu kipande. Na kadiri misitu ya heizeli ilivyoachwa bila kukatwa katika karne ya 20, ndivyo fito za kutoka China zilivyochukua nafasi. Zilikuwa nyepesi, zimenyooka, zinalingana urefu.

Kibiashara zinaitwa Tonkin, jina la sehemu ya kaskazini mwa Vietnam. Lakini hazitoki huko! Aliyeliweka sawa ni Mmarekani mmoja, Floyd McClure, aliyefika Canton mwaka 1919 kufundisha na akaishia kuwa bingwa wa mianzi. Alifuatilia fito hizo hadi zinakoota, kwenye milima ya mkoa wa Guangdong kusini mwa China, na mwaka 1931 akaupa mmea wake jina la kisayansi lenye neno amabilis, maana yake "wa kupendeka". Wenyeji walikata mianzi iliyokomaa, wakaishusha mtoni, wakaisugua kwa mchanga hadi ikang'aa, wakaianika juani, na iliyopinda wakainyoosha kwa moto. Ndipo ikafungwa mafungu na kupakiwa melini.

Mtaona hapo hakuna dawa iliyotiwa. Kazi yote ni kuchagua mwanzi uliokomaa, kuusafisha na kuukausha. Mnunuzi wa Uingereza alijua anachonunua: fito ya misimu michache, ambayo ukiing'oa vuli, ukaifuta tope na kuiweka bandani, unaongeza maisha yake. Wazee wa bustani yetu mpaka leo wanafanya hivyo. Mvivu anayeziacha nje majira yote ya baridi ananunua mpya kila baada ya miaka miwili.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, serikali iliwahimiza watu walime kila kipande cha ardhi, na idadi ya alotimenti ikafika takriban milioni 1.4. Wakati huohuo Wajapani walikuwa wameiteka Canton tangu Oktoba 1938, na meli za Uingereza zilikuwa na mizigo ya lazima zaidi ya fito za maharage. Waliokuwa na msitu wa heizeli karibu wakarudi kwenye panga lao.

Kuna ushahidi mwingine kutoka Marekani. Kule mwanzi huohuo wa Tonkin ndio uliotengenezewa ndoano za kuvulia samaki za hali ya juu, yaani zile fimbo zake. Mwaka 1950 Marekani ilifunga biashara na China, ikafungua tena mwaka 1971. Miaka 21 mafundi hawakupata mzigo mpya. Waliokuwa na akiba stoo waliendelea kuitumia, na ilikuwa bado mizima. Miaka zaidi ya 20, mwanzi huohuo, bila dawa! Lakini stoo, pakavu.

Huenda ndiko huyo muuzaji alikoitoa hiyo namba yake.

DAWA JE?

Hili najua mtaniuliza. Dawa zipo, na historia yake ni ndefu. Karne ya 19 Mfaransa mmoja, daktari Boucherie, alibuni njia ya kupitisha dawa ndani ya mti mbichi kwa kuusukuma utomvu utoke upande wa pili. Njia hiyo ilikuja kuboreshwa kwa pampu na inatumika kwenye mianzi hadi leo.

Dawa salama inayotumika zaidi kwa mianzi ya nyumba na samani ni ya boraksi na asidi ya boriki. Inazuia wadudu vizuri. Tatizo lake, inayeyuka kwenye maji. Nguzo iliyo nje mvuani inasuuzwa kidogo kidogo mpaka dawa yote imeishia ardhini.

Zilizobaki mvuani ni dawa kali, hasa ile mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo za umeme zenye rangi ya kijani mnazoziona, nyingi ni za dawa ya aina hiyo. Aseniki ni sumu, na mwaka 2004 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia mbao za dawa hiyo kutumika majumbani na bustanini.

Na oili chafu? Ngozi ya nje ya mwanzi ina nta na silika, kama kioo. Ndiyo maana mwanzi unang'aa. Ukiipaka oili kwa nje haiingii, inakaa juu juu. Maji yenyewe yanaingia kwa njia nyingine: kwenye ncha iliyokatwa, kwenye nyufa, na kwa ndani. Halafu oili ya injini iliyotumika ina mabaki ya metali na masizi, nayo inaingia kwenye udongo ule ule mnaopanda chakula. Kwa hiyo mnapata hasara mbili kwa bei ya moja.

WAJAPANI WENYEWE WANAFANYAJE?

Sasa tufike kwa hao tuliotajiwa. Kyoto ni jiji la bustani, na bustani zake zina uzio wa mianzi wa kila namna. Mmoja maarufu umepewa jina la hekalu la Kennin-ji, lililoanzishwa mwaka 1202. Ni mianzi iliyopasuliwa, imesimamishwa imebanana bila nafasi, imeshikwa na mianzi mingine ya kulala, na kufungwa kwa kamba nyeusi za nyuzi za mmea wa jamii ya mnazi. Ukitazama picha yake unaona ni mwanzi mtupu.

Sogea karibu. Nguzo kuu, zile zinazoingia ardhini, si mwanzi. Ni mti! Mara nyingi ni mwerezi wa Kijapani uliobabuliwa moto kwa nje hadi ukawa mweusi. Watu wenye mianzi kila kilima, mafundi wa karne kadhaa, nguzo wanaweka za mti.

Tazama na chini. Ncha za mianzi haziachwi zizame kwenye udongo, mara nyingi huinuliwa juu ya mawe ili maji yapite.

Tazama na juu. Mwanzi mzima unaposimamishwa, fundi anaukata juu kidogo tu ya kifundo. Kwa nini? Kwa sababu kila kifundo kina ukuta ndani. Ukikata mbali na kifundo, unabakiza kikombe, mvua inakijaza, na mwanzi unaoza kuanzia kichwani. Nyinyi mnaijua mbeta: hifadhi nzuri ya ulanzi, na ya maji pia. Fundi wa Kyoto hataki mbeta juu ya uzio wake.

Na baada ya yote hayo, uzio huo unabadilishwa baada ya miaka michache. Mianzi inapauka, inalegea, kamba zinakatika, fundi anaitwa, anafunga mipya kwenye umbo lilelile. Jina la uzio lina karne nyingi, mianzi yenyewe haina. Msitu wa mianzi uko karibu, unakatwa kila mwaka kwa zamu, majira ya vuli na baridi wakati sukari imepungua ndani yake. Ni kama heizeli ya Waingereza. Watu wote hawa waliotumia fito nje kwa muda mrefu walikuwa na shamba la fito nyuma ya nyumba.

Kuna uzio mmoja tu wa mwanzi ambao hauozi, nao uko hukohuko Kyoto, kwenye kasri la Katsura lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Mianzi imepandwa ikiwa hai kando ya mto, kisha ikakunjwa na kusukwa majani yake yakatengeneza ukuta. Haiozi kwa sababu haijafa. Nilipoona picha yake nilikumbuka uzio wa minyaa na michongoma. Babu zetu na mafundi wa mfalme wa Japani walipata jibu moja.

HAYA, SHEMEJI

Sasa turudi kwenye ekari yetu.

Pasheni inaanza kuzaa karibu na mwaka wa kwanza, na ikitunzwa inaishi miaka 3 hadi 5. Mavuno makubwa ni mwaka wa pili na wa tatu, na ndipo majani na matunda yanakuwa mazito kabisa juu ya waya. Mwanzi ardhini unadumu mwaka 1 hadi 3, tena hizo ni hesabu ambazo mchwa wa kwetu hawajaongezewa. (Uingereza haina mchwa wa asili, msijilinganishe na bustani yangu.) Maana yake nguzo zitaanza kukatika mwaka uleule ambao shamba limejaa matunda. Na nguzo ya pasheni haianguki peke yake. Waya ni mmoja, ikilala moja inavuta jirani, mstari mzima unakwenda chini. Huwezi kubadilisha nguzo katikati ya mmea uliotambaa bila kuukata.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya:

1. Nguzo za ardhini ziwe mti. Huko kwetu milingoti na miwati imejaa, na zipo nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Najua nyingi ni za ile dawa ya kijani, kwa hiyo msiziweke kwenye tuta la mboga, na vipande vyake vinavyobaki MSIPIKIE wala kuota moto, moshi wake una sumu. Mwambieni na yule kijana wa jikoni.

2. Fedha zikipungua, anzeni na nusu ekari yenye nguzo nzuri. Ekari nzima yenye nguzo za mwaka mmoja na nusu ni ghali zaidi.

3. Mwanzi tumieni juu: fito za kulala, za kuongoza mche kutoka ardhini hadi kwenye waya. Mche ukishafika juu, ufito ukioza hakuna hasara. Tumieni pia kwa nyanya na maharage, ambayo ni msimu mmoja. Hapo mwanzi hauna mpinzani.

4. Mkate mianzi ya miaka 3 na kuendelea, kiangazi kikianza na machipukizi ya mwaka yakiwa yameshakua. Wekeni alama ya rangi kila mwaka kwenye machipukizi mapya, mtajua umri wake. Ikaushwe kivulini, imesimama, isiguse udongo. Kateni juu ya kifundo. Msimu ukiisha ing'oeni, mfute tope, muiweke chini ya paa. Ikipata moshi wa jikoni ni heri zaidi.

5. Pandeni mianzi yenu bondeni, mashina machache tu. Baada ya miaka michache hamtanunua ufito kwa mtu. Na mzee atapata ulanzi wake bila kutembea mbali, ila muwaambie wagema wasikate kila chipukizi, maana chipukizi lililogemwa haliwi ufito.

Mchango wangu nitautuma, lakini naomba uende kwenye nguzo za mti. Nimeshaongea na dada yangu, yeye ndiye atakayeshika fedha (pole shemeji, wewe tunakupenda lakini huyo muuzaji ameshakuzoea). Mimi nitachangia nguzo 125 za nusu ekari ya kwanza. Nusu ya pili tutaizungumza pasheni zikishaingia sokoni.

Nisalimieni mama, mwambieni koti alilonishonea bado linavaliwa. Mjomba wa Makambako, kama unasoma, niandikie ile habari ya mianzi iliyokuwa kwenye paa la jiko la babu: ilikuwa mingapi, na ilitolewa mwaka gani? Nataka kujua ilikaa muda gani pale juu. Na wengine wote, kama kuna aliyefukia mwanzi ardhini akahesabu miaka yake, aniambie ni wapi na ulikatikia wapi.

Wasalaam, tuonane Jumapili ijayo Mungu akipenda.